Siku Niliyonyweshwa Chai ya Kujadiliwa

Wenzangu mnaobaki na funguo za chumba cha vifaa,

Wiki iliyopita nilikabidhi pampu mbili, sindano, kopo la nta na nyundo ndogo, nikatia sahihi kwamba nimevirudisha vyote salama. Ile nyundo ni yangu mwenyewe, niliinunua Malindi, lakini nilitia sahihi tu. Anayeondoka asigombanie nyundo.

Macho ndiyo yaliyonistaafisha. Miaka arobaini na kitu si umri wa kustaafu, ila mtu akishinda mbele ya weupe wa chumvi asubuhi, kisha alasiri akae kutunga uzi kwenye sindano, macho huzeeka kabla ya mwenyewe. Daktari alinishauri nitafute kazi ya kutazama mbali. Nikamwambia kutazama mbali ndiyo kazi niliyoanza nayo, maana nilikuwa beki.

Mmeniomba niwaandikie kidogo juu ya miaka yangu, na hasa mmeuliza ilikuwaje mchezaji akawa mtunza vifaa. Nitawaeleza. Ila mnivumilie nianze mbali, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhamahama, na hata kalamu yangu haikai mahali pamoja.

Nilimaliza kidato cha nne nikapata cheti ambacho mpaka leo hakuna aliyewahi kuniomba nimwonyeshe. Kazi ya kwanza ilikuwa Mnarani, kibarua wa kubeba mawe kwa fundi mmoja aliyependa mpira kuliko ukuta. Alikuwa na timu yake ya vibarua. Ukimpita mtu vizuri jioni, kesho yake unapewa kubeba mchanga badala ya mawe. Mimi sikuwa wa kuwapita watu. Nilikuwa wa kuwazuia, kwa hiyo niliendelea na mawe. Pale ndipo nilipojifunza kusimama upande wa kushoto, kumtazama winga kiunoni badala ya miguuni, na kungoja. Miguu ya winga hudanganya. Kiuno hakijui kudanganya.

Kutoka Mnarani nikavuka na feri, nikaelekea Watamu, nikawa mkata nyasi katika hoteli moja ya ufuoni. Hoteli ilikuwa na timu ya wafanyakazi, na nilipewa jezi nambari tatu. Nilikaa misimu miwili ya watalii. Watalii walipopungua na timu kupunguzwa, hakuna aliyeniita ofisini. Nilipita nyuma ya dobi nikaona jezi zimeanikwa kwenye kamba, zimepangwa kwa nambari, na kati ya mbili na nne hapakuwa na kitu ila upepo. Nikaelewa. Nikaenda kurudisha kikwakwa cha kukatia nyasi, na msimamizi akashangaa nimejuaje.

Nawaambieni haya ili mwelewe nilivyofika Marereni. Nilifika nikiwa na mke, Dama, watoto wawili, godoro moja, na mazoea ya kuachwa bila kuambiwa.

Marereni siku hizo, kama sasa, ilikuwa chumvi mbele, chumvi nyuma. Kampuni iliajiri watu wa mashambani kwetu na watu wa bara, wote wakikwangua mabwawa kwa sepetu tangu alfajiri, kabla jua halijawa kali. Na kampuni ilikuwa na timu. Utaratibu wake lazima niueleze wazi, maana nyinyi mmeukuta umebadilika. Timu ilipewa nafasi za kazi zenye idadi yake, hazipungui wala haziongezeki. Ukichukuliwa kuwa mchezaji, unapata kazi ya mabwawani na chumba katika zile nyumba za safu. Asubuhi unakwangua, alasiri unacheza. Lakini ukitolewa kwenye timu, nafasi inachukuliwa na mchezaji mpya, na chumba kinakwenda naye. Jezi ndiyo iliyokuajiri. Mwili wa ndani ulikuwa mgeni wa jezi.

Siku ya kwanza nilipelekwa chumba cha vifaa kwa Mzee Katana. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye vidole vilivyopinda kama ndoana, na hakuwa na haraka hata ya kupokea salamu.

"Shikamoo, mzee."

Akamaliza mshono aliokuwa akiushona, akakata uzi kwa meno. "Marahaba. Wewe ndiye Karisa, beki wa kushoto?"

"Ndiye mimi."

Akanirushia njumu mbili. Nikazitazama. Zote za mguu wa kushoto.

"Mzee, hizi ni za mguu mmoja."

"Si umesema beki wa kushoto?" Akanitazama mpaka nikaanza kuamini labda ndivyo inavyokuwa hapa. Halafu akacheka mpaka akakohoa, akanipa jozi ya kweli. Hayo ndiyo yaliyokuwa mahojiano yangu ya kazi.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba adui wetu si timu ya Malindi, ni chumvi. Chumvi hula ngozi. Njumu ukiiacha nje usiku na mchana, asubuhi ya tatu imekauka kama papa. Zifuteni kwa maji baridi, jazeni magazeti ndani, anikeni kivulini, kisha zipakeni mafuta ya ng'ombe kidogo. Msitumie dizeli, hata fundi wa trekta akiapa. Dizeli hulainisha leo na kuchana kesho.

Na chumvi haikutuharibia viatu tu. Kuna mwaka chokaa ya kuchorea uwanja iliisha, na mwenyekiti wa timu, Bwana Mutua wa ofisi ya masilahi ya wafanyakazi, akaona amepata akili: tuna vilima vya chumvi chafu, kwa nini tusichore mistari kwa chumvi? Tukachora. Uwanja ukapendeza, mistari inameremeta. Tukaenda kuvaa. Tulipotoka na wageni wetu nyuma, mbuzi wa kijiji kizima walikuwa wamejipanga kwenye mstari wa pembeni kwa adabu, vichwa chini, wanalamba. Refa akauliza, "Mstari uko wapi?" Charo, mwendesha pampu ya maji ya bahari na shabiki mkubwa kuliko wote, akamnyooshea kidole. "Nusu yake iko kwenye tumbo la yule mweusi, bwana refa. Ukitaka tumngoje."

Nilicheza Marereni misimu mizuri. Sisemi nilikuwa nyota. Niliwahi kufunga bao moja, tena nilikuwa najaribu kuutoa mpira nje. Lakini mawinga waliopita upande wangu hawakuwa wengi, na niliposhuka uwanjani watu wa pampu waliniita "Lango la Zizi". Nililipenda jina lile.

Kisha goti la kulia likaanza kuvimba. Si kila mechi, ila kila baada ya mechi ngumu. Siku hizo za uvimbe, Mzee Katana alinikalisha naye chumbani.

"Anayekaa bure huvimba zaidi," alisema, akanipa sindano mbili na uzi.

Nilidhani ananiadhibu kwa kuchana jezi. Akanionyesha kufungua mpira uliopasuka: unakata mshono mahali pamoja tu, unatoa mpira wa ndani, unautia kiraka kama tyubu ya baiskeli, unaurudisha, kisha unafunga. Kufunga ndiko kwenye kazi. Uzi upakwe nta mpaka ulie ukiuvuta. Sindano mbili zipishane kwenye tundu moja, moja kutoka huku, nyingine kutoka kule. Mishono ya mwisho huoni ndani, unakwenda kwa kidole. Ncha ya sindano ikielekea chini badala ya pembeni, umeutoboa mpira wa ndani, na kazi yote imerudi mwanzo. Mipira mitatu ya kwanza niliitoboa yote. Mzee alikuwa akinipa kiraka kingine tu, na lile lilikuwa tusi la kutosha.

Sasa nifike kwenye chai.

Ligi ilipofungwa kila mwaka, kabla timu haijasajili upya, mashabiki walikutana katika kibanda cha Mama Sidi, nyuma ya ghala la magunia. Mama Sidi aliuza chai na mahamri, na alijua mpira kuliko wengi walioucheza. Mkutano ule hatukuuita mkutano. Tuliuita Meza. Wachezaji wanawekwa mezani kwa majina, mmoja mmoja, na watu wanabishana: huyu abaki, huyu atoke, nani aletwe, kutoka wapi, kwa nafasi ya nani. Bwana Mutua alikuwa anakaa pembeni akisikiliza. Uamuzi ulikuwa wake, lakini hakuwahi kwenda kinyume na Meza, kwa sababu watu wale wale ndio aliofanya nao kazi mwaka mzima.

Na Meza ilikuwa na desturi moja. Mchezaji aliye hatarini hujadiliwa akiwapo. Hasengenywi. Anaitwa, anakalishwa katikati ya benchi, anapewa kikombe kikubwa cha chai ya moto na mahamri, na maadamu anakunywa haruhusiwi kusema lolote. Akikimaliza kikombe, majadiliano yamekwisha, naye anapewa nafasi ya neno moja. Kwa hiyo pale kwetu, mtu akikuambia "Nasikia utakunywa chai," haikuwa habari njema.

Mwaka ule Charo ndiye aliyeniletea ujumbe mabwawani. Alisimama ukingoni akawa anachezea kofia yake.

"Karisa, ndugu yangu. Alasiri utakunywa chai."

Nikaweka sepetu chini. "Nani anayetakiwa mahali pangu?"

"Athmani. Yule namba tisa wa Watamu."

Nilimjua. Nani hakumjua? Kijana mwepesi, mrefu, alikuwa ametufunga mara mbili katika mechi moja, na mara zote mbili mimi nilikuwa karibu vya kutosha kumpongeza. Hoteli yake ilikuwa inapunguza timu, na timu nyingine zilishaanza kumtafuta.

Sikurudi nyumbani kumwambia Dama. Ningemwambia nini? Mtoto wa kwanza alikuwa ameanza shule pale pale, ameanza kusoma maneno kwenye magunia ya chumvi kwa sauti, anatuchosha. Mara mbili nimeondoka mahali. Nilikuwa kijana, na watoto walikuwa wa kubebwa. Sasa walikuwa na kwao.

Nilipofika kibandani benchi zote zilikuwa zimejaa. Mama Sidi akanimiminia chai, akatia sukari, akanitazama, akaongeza sukari tena. Hapo nikajua hali ni mbaya.

Otieno, fundi wa matrekta, ndiye aliyeanza. Alikuwa mtu wa Kisumu, mwenye sauti ya kushinda injini, na hakuwa na chuki nami hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Mimi nasema wazi. Karisa ni mtu mzuri. Tena ni jirani yangu. Lakini tusiangalie ujirani, tuangalie mpira. Tumemaliza ligi tukiwa katikati, kama soseji kwenye mkate. Kwa nini? Hatufungi! Beki tunao. Mfungaji hatuna. Athmani anafunga akiwa amesinzia."

"Na anayefungwa je?" Charo akaruka. "Utafunga mabao mawili, ufungwe matatu, halafu urudi hapa ulie kwa Mama Sidi. Upande wa kushoto mwaka mzima nani amepita?"

"Winga wa Malindi alipita."

"Mara moja!"

"Mara moja ilitosha, si tulifungwa?"

Watu wakacheka. Nikanywa chai.

"Tena goti," Otieno akaendelea. "Wote mnalijua goti la Karisa. Mechi moja anacheza, mechi mbili anauguza. Nafasi moja inakula watu wawili. Ukiwa na trekta linalofanya kazi Jumatatu tu, utaliita trekta?"

"Lako linafanya kazi siku gani?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma, na kibanda kikalipuka. Otieno mwenyewe alicheka.

Mama Sidi akainua mwiko. "Mnamsifu Athmani. Sawa, anajua. Lakini yule ametoka ufuoni, amezoea upepo na kucheza kwenye nyasi. Mmemwambia hapa kuna mbu na saa kumi na moja alfajiri kuna sepetu? Mchezaji wa kuja na kuondoka ana thamani gani? Mtamtoa mtu wa miaka, mumlete mtu wa mwezi."

"Mama, tukiogopa kuondokewa hatutamleta mtu yeyote," akajibu Otieno. "Mimi mwenyewe nilisemwa hivyo hivyo nilipokuja. Ati watu wa bara hawakai. Si mimi huyu hapa?"

Mama Sidi akarudi kwenye sufuria lake, kwa sababu hilo lilikuwa kweli.

Charo akabadilisha njia. "Basi atolewe mwingine! Kwa nini Karisa?"

Wakawapitia. Kipa haguswi. Viungo ni vijana. Winga wa kulia ndiye pekee anayejua kupiga kona. Kila jina lililowekwa mezani liliondoka lenyewe, na mwisho meza ikabaki na mimi. Nilikuwa nasikiliza na, niwaambie kweli, ningekuwa sichezi ningemuunga mkono Otieno. Hoja zake zilikuwa nzuri. Nilikunywa polepole, kwa sababu chai ikiisha, imeisha. Hata nilijaribu kumega hamri vipande vidogo vidogo. Charo pia aliona. Akaanza kurudia maneno aliyokwisha kuyasema, ili mradi kelele iendelee.

Bwana Mutua akakohoa. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa hapendi sehemu hii. "Kama hakuna jipya, ndugu zangu..."

"Lipo jipya," ikasema sauti mlangoni. "Niwekeni mimi mezani."

Ni Mzee Katana. Kwapani ana mpira uliopasuka, mkononi kopo lake la nta.

"Mzee," Bwana Mutua akasema kwa upole, "wewe si mchezaji."

"Nafasi ninayokalia ni ya nani?"

"Ni ya... ni ya timu."

"Ni mojawapo ya zile zile?"

"Ndiyo."

"Basi nileteeni chai."

Watu wakageuka kumtazama. Katika miaka yote hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtunza vifaa ana thamani ya kujadiliwa. Halafu wakaanza wote kwa pamoja. Mmoja alisema mzee hafungi wala hazuii, atolewe hata leo, Athmani aingie, na Karisa abaki beki. Charo akamgeukia. "Na bila yeye mtachezea nini? Madafu?" Mwingine akasema mipira itapelekwa Malindi kushonwa. Mama Sidi akauliza mpira ukipasuka dakika ya kumi, watu watangoja basi? Otieno alikuwa wa kwanza kuona kilichokuwa kinaendelea. Alimtazama mzee, akanitazama mimi, akatabasamu.

"Mzee Katana, wewe una hila."

Mzee alikuwa na kikombe mdomoni, na kwa desturi hakuruhusiwa kujibu. Alikunywa chai yote kwa mafunda matatu, ya moto vile vile, akaweka kikombe chini.

"Neno langu ni hili. Nina shamba Bamba, na nimechoka na chumvi. Tangu mwaka juzi namwomba Mutua ruhusa, ananiambia nilete kwanza mtu wa kushika sindano. Nimemleta. Athmani achukue nafasi ya beki, huyu beki achukue yangu." Akaweka ule mpira mapajani mwangu. "Karisa, maliza chai. Shona."

Nikamaliza chai, naye akanitolea sindano mbili na uzi mfukoni. Mashabiki walinisogelea mpaka wakaniziba mwanga, Mama Sidi akawafukuza kwa mwiko. Mpira ule mzee alikuwa amekwisha kuutia kiraka, umebaki kufungwa tu. Nikapaka uzi nta. Nikaanza. Mishono ya kwanza ilikwenda. Nyuma yangu watu walikuwa wakinong'ona kama msibani. Mtu mmoja akasema, "Anavuta sana," na mwingine akamjibu, "Wewe ulishona lini, hata kifungo huna." Nilipofika kwenye mishono ya mwisho, ile ya kwenda kwa kidole, nilifumba macho. Mzee hakunisaidia kwa neno wala kwa jicho. Alikuwa anakula hamri langu.

Nikavuta, nikafunga fundo, nikalisukuma ndani.

Otieno mwenyewe akaleta pampu kutoka chumba cha vifaa, akalowesha sindano yake kwa mate, akajaza. Mpira ukainuka, ukawa mgumu. Mama Sidi akaleta beseni la maji. Tukauzamisha.

Pakatoka povu moja.

Nikasikia Charo akivuta pumzi. Otieno akainama mpaka pua ikakaribia maji. Povu moja kwenye mshono si kitu, ni hewa iliyonaswa kati ya ngozi na ngozi. La pili likitoka mahali pale pale, umetoboa. Tukangoja. Sijawahi kuitazama mechi yoyote kama nilivyolitazama beseni lile la kuoshea vyombo.

La pili halikutoka.

Otieno akautoa mpira, akaukausha kwa shati lake, akaenda nje, akaupiga kwa nguvu zake zote kwenye ukuta wa ghala. Ukarudi mzima, ukamgonga mtu kikombe. "Basi," akasema, "mimi nimepata Athmani wangu. Sina neno zaidi."

Bwana Mutua akasimama akanipa mkono, na niliona yeye ndiye aliyepumua kuliko wote.

Nilirudi nyumbani. Dama alikuwa anatwanga.

"Nimesikia ulikunywa chai," akasema bila kuinua kichwa. "Umetolewa au umebaki?"

"Vyote viwili. Jezi nimetolewa. Nimepewa sindano."

"Chumba?"

"Kinabaki."

"Mtoto aendelee na shule?"

"Aendelee."

Akatwanga kidogo. "Sasa mbona una uso wa mtu aliyefungwa?"

Mnaocheza mnalijua jibu.

Mzee Katana aliondoka mwezi uliofuata. Nilimbebea sanduku mpaka barabarani, nikataka kumshukuru, nikaanza hotuba. Akanikatiza. "Usinifanye mtakatifu. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniachia nirudi kwetu, na goti lako lilinitafutia." Halafu akapanda gari la makaa na kuketi juu ya magunia. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimshukuru hivyo hivyo, bila ruhusa yake. Alipata alichokitaka, na mimi nikapata nisichojua kukitaka. Sijui shukrani iliyo safi zaidi ya hiyo.

Athmani akaja. Akalalamikia mbu, kama Mama Sidi alivyosema, na hakuondoka, kama Otieno alivyosema. Alikuwa mtu wa adabu. Aliniita Kaka Karisa, na hilo lilinifanya nishindwe hata kumchukia kidogo.

Mechi ya kwanza ya ligi tulicheza nyumbani, na watu walikuja mpaka kutoka Gongoni kumwona. Mimi nilikaa kwenye kisanduku pembeni, suruali ndefu, pampu miguuni. Nilikuwa bado nawatazama mawinga viuno. Upande wa kushoto ulikuwa na kijana mwingine wa akiba, na kila mpira ulipokwenda huko mguu wangu ulisogea peke yake. Nilijiambia nitamaliza mwezi huu, kisha nitafute mahali pengine. Nimezoea kuondoka. Ndivyo nilivyokuwa nikifikiri, niwe mkweli kwenu.

Athmani alikuwa anacheza vibaya. Anafika kwenye mpira, anakwepa kupiga. Mashabiki wakaanza. "Otieno! Umetuletea kilema?" Otieno alikuwa anatazama viatu vyake. Mara Athmani akaanguka mwenyewe, bila kuguswa, akachechemea kuja nje kwangu.

"Kaka, mguu unaungua."

Nilipiga magoti mbele yake. Ndiyo, nilipiga magoti mbele ya mtu aliyevaa njumu kwa nafasi yangu, mbele ya watu wote walionibishania. Nikamvua. Soksi ilikuwa na damu. Nikatia vidole ndani ya kiatu, nikapapasa taratibu kwa ule ule utaratibu wa mishono ya mwisho, bila kuona, mpaka kidole kikachomwa. Msumari wa jino la njumu ulikuwa umepanda kupitia soli. Nikakiweka kiatu juu ya jiwe, nikaupiga kwa nyundo kutoka ndani mpaka ukalala, nikabandika kipande cha ngozi juu yake. Nikamfuta mguu, nikamvisha, nikamfunga kamba.

Akasimama. Akakanyaga mara moja, mara mbili. Uso ukafunguka.

"Asante, fundi," akasema, akakimbilia uwanjani.

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nilibaki palepale chini na nyundo mkononi, na nilipotazama tena, mpira ulikuwa upande wa kushoto, kijana yule alikuwa anahangaika na winga, na mguu wangu ulikuwa umetulia.